Mzee Radoy na Pawa Saplai Nzito

Mzee Radoy Penchev alikuwa akichagua pawa saplai kwa mizani. Pawa saplai ni kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na kwenye kompyuta ya michezo, yenye kadi kubwa ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini, ndicho kinachoamua kama mchezo utafika mwisho au utakatika katikati. Gereji yake iko chini ya jengo letu hapa mjini Pazardzhik. Watu wa ngazi yetu, yaani nyumba zote zinazotumia ngazi moja, hatukuwa na fundi mwingine.

Mizani yenyewe ilikuwa ya jikoni. Alikwenda nayo sokoni kwenye mfuko wa kitambaa, na kisanduku kisichofika kilo moja na nusu alikirudisha bila maneno. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha redio, na huko walimfundisha kwamba transfoma nyepesi ni ile ambayo mtu ameiba shaba yake. Wauzaji walimcheka mwanzoni. Baadaye wakamzoea, wakawa wanamwekea vile vizito.

Yoana, binti wa jirani yangu Snezhina, ana miaka kumi na saba. Kiangazi chote alichuma matunda mashambani ili anunue kadi mpya ya picha. Timu yake ya watu watano ilikuwa imefika mechi ya mwisho ya mchujo, Jumapili saa nne asubuhi, kila mmoja akicheza kutoka nyumbani kwao. Kompyuta yake ikizima, wanabaki wanne, na hakuna kurudia. Mzee akamtafutia pawa saplai ya karibu kilo mbili, akaifunga Jumatatu. Jumanne kompyuta ikazima mara mbili. Jumatano ikazima tena, na safari hii ikatoa harufu.

Wanawake tulikuwa mbele ya gereji tunachoma pilipili hoho za msimu, mimi na mwanangu Kalin amelala begani. Yoana akashuka ameikumbatia kompyuta. Mzee akainusa, akasema harufu ile ni ya hoho za Snezhina.

"Mzee, hoho zangu zimo humo ndani?" Snezhina akauliza. "Ulipokuwa unakipima tulikwambia, unanunua kitu cha umeme au nyama ya nguruwe?"

Mzee akachukua bisibisi. Alifungua skrubu nne, akainua kifuniko. Waya zilikuwa nyembamba, na kapasita moja, kikopo kidogo cha kutunzia umeme, imevimba. Pembeni, kwenye ukuta wa kisanduku, kulikuwa na kipande cha saruji kilichogandishwa kwa gundi, ukubwa wa sabuni ya kufulia. Alikibandua kwa bisibisi, akakiweka mezani; uzito aliouamini ulikuwa wa saruji. Nilimwona Mzee akifuta mikono kwa kitambaa, na mikono haikuwa michafu.

"Binti yangu," akamwambia Yoana, "kadi yako imepona kwa bahati. Mimi ndiye niliyekosea."

Kesho yake walikwenda dukani pamoja, bila mfuko wa kitambaa. Yoana alinihadithia baadaye. Macho ya Mzee hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo alimwambia asome kibandiko kwa sauti: siyo ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele, bali wati ngapi zinatoka kwenye njia ya volti kumi na mbili, maana hizo ndizo kadi inazokula. Kisha miaka ya dhamana. Kisha akamtaka atafute kwenye simu kama kuna mtu aliyekifungua kisanduku cha namna hiyo na kukitwisha mzigo wake wote wa umeme kwa saa nyingi. Muuzaji alichoka. Walikataa vitatu, wakachukua cha nne, chenye dhamana ya miaka kumi. Kilikuwa ghali zaidi, na nyongeza Mzee akailipa yeye.

Jumamosi nzima aliketi kwenye stuli chumbani kwa Yoana, akila mbegu za alizeti, kiganja juu ya kompyuta, wakati mchezo mzito ukiendelea. Snezhina alisema amekaa kama mtu anayemuuguza ndugu.

Jioni akapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa. Kila nyumba aliiomba kitu kimoja: Jumapili asubuhi mtu asiwashe kichomeo cha umeme cha hoho mpaka mechi iishe, maana vikiwashwa vitatu pamoja umeme wa ngazi nzima hukatika, na hapo hata pawa saplai nzuri haisaidii. Katika Septemba ya kwetu, mwezi wa kuchoma hoho za kuhifadhi kwa majira ya baridi, hilo ni ombi kubwa. Bibi wa ghorofa ya pili alikuwa na magunia mawili ya hoho zilizoanza kulainika. Alinung'unika, akakubali.

Mechi ilichukua muda wa karibu saa tatu. Mzee alisimama nje ya gereji mikono mfukoni, akijifanya anaangalia mawingu. Yoana aliposhuka macho yalikuwa mekundu.

"Tumefungwa, Mzee. Mbili kwa moja."

"Ilizima?"

"Haikuzima hata mara moja."

"Ukiigusa ikoje?"

"Vuguvugu tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamwambia pole, na kwamba mwakani watakuwepo tena. Kisha akachukua bisibisi yake, akapanda ghorofa ya nne kwa Plamen, ambaye kompyuta yake aliifungia mwaka jana pawa saplai iliyochaguliwa kwa mizani ileile, akabisha hodi na kuomba aifungue aione ndani.