Mshono Uliotakiwa Kufumuka

Fundi Haifumuki hakubandikwa jina hilo na mtu, alijibandika mwenyewe. Kila alipomaliza kushona kiti cha gari aliuvuta mshono kwa vidole gumba viwili, mbele ya mwenye gari, akasema, "Haifumuki!" Watu wakasahau jina alilopewa na babake. Tumekuwa majirani wa kazi miaka thelathini na minne. Yeye anashona viti, mimi nachonga funguo, na kati yetu kuna ukuta wa mabati wenye tundu la kupitishia kiberiti.

Alianza na viti vya mabasi, baada ya kuacha shule darasa la nne. Mwalimu wake alikuwa mshona viatu mkali, aliyemfundisha kupaka uzi nta ya nyuki na kupiga mishono saba kwa kila inchi. Mwanafunzi akipiga sita, mzee yule alifumua kazi yote bila kusema neno. Siku hizi nani anahesabu? Kuna gundi, kuna bunduki ya pini, kuna haraka. Kitu kinanunuliwa kwa uzuri wa picha yake, na kikifika nyumbani kimeshaanza kuaga. Sisemi haya kwa wivu. Nasema ili ieleweke huyu mtu alijivunia nini. Alikuwa na haki ya kujivuna, na majivuno hayohayo nusura yaue watu wawili.

Wateja wake wakubwa walikuwa madalali wa magari ya kifahari yaliyotumika. Gari likija na ngozi iliyochakaa, dalali humpa yeye, na ngozi mpya ikishakaa hakuna anayeuliza gari limetembea kilomita ngapi. Siku moja dalali mmoja, mwenye viatu vyenye ncha kama mdomo wa kuku, alileta magari matatu kwenye uwanja wetu pamoja na mnunuzi. Mnunuzi alikuwa wakili, mwanamke wa miaka kama arobaini, msema taratibu.

"Mzee," wakili akamwambia Haifumuki, "wewe huuzi magari, kwa hiyo huna sababu ya kunidanganya. Viti vya magari ya aina hizi zote umeshavifungua. Ningekuwa mwanao, ungeniambia nichukue lipi?"

Hakuna sifa inayomlevya fundi kama hiyo. Haifumuki alifuta mikono, akaingia gari moja baada ya jingine, akabonyeza viti kwa goti, akainama kutazama chini ya zulia. Jeupe lilikuwa jipya kuliko yote, lina springi za hewa na vioo vinavyojifunika vyenyewe. "Hili ni la kuringia," akasema. "Springi zake zikichoka utaagiza ng'ambo na utasubiri mpaka uote mvi. Ukitaka kuliuza mwaka kesho, nusu ya thamani imeshayeyuka." La rangi ya fedha lilikuwa la mwendo wa utulivu. Mlima halikimbii, lakini halikamatwi na fundi kila mwezi, na bei yake haianguki. Jeusi lilikuwa na nguvu kupita yote. Lilishika kona kama kupe, na breki zake zililisimamisha pale unapotaka.

"Na usalama?" wakili akauliza. "Nitakuwa nambeba mama yangu."

Dalali akadakia, "Mheshimiwa, hili jeusi likigonga mlima, pole atapewa mlima."

Wakili hakucheka. Alimtazama fundi. Viti vya lile jeusi Haifumuki alikuwa amevishona wiki ileile, kwa uzi wa nailoni wa nyuzi tatu, mishono saba kwa inchi. Akaweka vidole gumba kwenye ubavu wa kiti, upande wa mlango, akavuta.

"Hiki hakipasuki hata ng'ombe akikipiga teke," akasema. "Chukua jeusi, mwanangu."

Akalichukua.

Siku kumi na moja baadaye, saa tatu asubuhi, fundi wa bodi anayenyoosha magari yaliyogongwa alileta kiti cha gari la aina moja na lile jeusi. Kilikuwa kimepasuka ubavuni kuanzia begani hadi kiunoni, na kitambaa cheupe kinaning'inia nje kama ulimi.

Haifumuki akacheka mpaka akakohoa. "Jirani, njoo uone! Uzi wa kushonea shuka! Viwanda navyo siku hizi vinaiba."

"Hawajaiba, mzee," fundi wa bodi akasema. "Huo ni mfuko wa hewa. Gari lilipigwa ubavu na lori. Mfuko unavimba kufumba na kufumbua, unakaa kati ya mbavu zako na mlango. Mshono wa hapo umewekwa dhaifu makusudi, ili mfuko upate pa kutokea. Abiria aliyekalia kiti hiki alishuka kwa miguu yake."

"Na mshono ukiwa imara?"

"Utatokea wapi? Labda uchelewe. Labda upasukie mgongoni kwa mtu. Kwani vipi?"

Haifumuki alifungua droo ya cherehani akatoa vibandiko vidogo vya kitambaa, kila kimoja kimeandikwa neno hilohilo la mfuko wa hewa kwa lugha ya kigeni. Alikuwa akivikata kwa mkasi, kwa sababu dalali alitaka ngozi safi. Neno alilijua, nani asiyelijua? Ila yeye alijua mfuko wa hewa unakaa kwenye usukani. Kwenye kiti alidhani ni majivuno ya kiwanda tu, kama mtu anayeandika cheo chake kwenye fulana. Ule mfuko uliokunjwa mle ndani aliuona kila mara, akadhani ni kisanduku cha waya, akaufunika vizuri na kuushonea asiurudie tena.

Alimpigia wakili simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya nne wakili akapokea. Alikuwa safarini na mama yake, wamesimama kunywa chai kwenye kituo cha mafuta, juu kabisa ya mteremko ule wa kona nyingi ambao malori hushuka yakitoa moshi wa breki. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Mwanangu, usishuke," Haifumuki akasema. Akaeleza. Alieleza vibaya, akichanganya uzi na lori na ulimi mweupe, lakini alieleza.

Wakili akauliza kwa sauti yake ya taratibu: "Unanipigia leo?"

"Nimejua leo."

"Nitakupigia."

Hakupiga. Haifumuki, kwa ujinga wa ukweli, akamwarifu na dalali. Dalali akanguruma ndani ya simu hadi mimi nikasikia kwa upande wangu wa bati. "Mzee wangu, umerogwa? Ajali imetokea? Haijatokea! Sasa unatangaza kifo cha nani? Mimi nitaongea na mheshimiwa, wewe kaa na sindano yako."

Simu ya wakili ilipopatikana tena, ilikuwa mama yake aliyeipokea. Safari hii spika ilikuwa wazi, na nyuma yake tulisikia mlango wa gari ukifungwa. "Dalali amesema umezeeka, umeanza kusahau," akasema yule bibi. "Ni kweli?"

"Kuzeeka ni kweli, dada yangu. Lakini hili silisahau. Tafadhali msiondoke."

Simu ikazima.

Fundi wa bodi alikuwa na gari la mizigo. Haifumuki alichukua wembe, koleo na kitambaa, akakaa mbele. Mimi nikapanda nyuma na funguo zangu mfukoni, nikawa sina kazi yoyote safarini zaidi ya kutazama. Mwendo wa saa moja na nusu. Mara mbili tulipishana na gari la wagonjwa linalolia, na mara zote mbili niliona kupitia kioo cha nyuma jinsi Haifumuki alivyoinamisha kichwa kama anayepigwa.

Gari jeusi lilikuwapo kituoni. Bibi alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, mkoba magotini, na wakili amesimama mbele yake na uso wa hasira.

"Amekataa kuingia," wakili akasema, bila salamu.

"Nimekataa," bibi akasema. "Fundi anayejisema vibaya mwenyewe msikilize. Anayesemewa na dalali, mkimbie. Nyinyi mmesoma sana, hamjui watu."

Fundi wa bodi alifungua betri, akatuambia tusubiri dakika ishirini, umeme ulale, mfuko usije ukalipuka mikononi. Tulisubiri kwenye mvua. Kisha Haifumuki akapiga magoti kwenye saruji yenye mafuta na kuanza kufumua.

Mshono ukakataa. Nimeona watu wakipambana na kazi mbaya ya wengine, lakini sijawahi kuona mtu akishindwa na kazi nzuri yake mwenyewe. Uzi ulikuwa na nta, umekaza, kila tundu limefungwa fundo. Wembe wa kwanza ukavunjika. Hakuweza kukata kwa nguvu, maana nyuma ya uzi, upana wa kucha, ulikuwapo ule mfuko, na mfuko uliokatwa ni sawa na usiokuwapo. Akawa anakata mshono mmojammoja kwa ncha ya wembe, anapumzika, anafuta jasho na mvua. Waendesha malori wakakusanyika.

"Mzee, umeangusha pete?" mmoja akauliza.

"Nimeangusha akili," Haifumuki akasema, wala hakugeuka.

Saa nzima ilipita kwa viti vyote viwili. Alipomaliza, mbavu za viti zilikuwa wazi, na mfuko mweupe ukaonekana ndani, mzima. Betri ikarudishwa. Taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi, ikazimika, ishara kwamba mifuko ni mizima. Fundi wa bodi akapumua.

Wakili alitazama viti. "Siku ile uliponiambia nichukue jeusi," akasema, "ulilinganisha magari, au ulilinganisha mishono?"

Angeweza kutaja breki. Angeweza kutaja zile kona.

"Mishono," akasema. "Ukiniuliza leo, nitasema la fedha. Hata siku ile nilijua ni la fedha."

"Basi andika. Kwamba ulikata vibandiko, na kwamba dalali alikuagiza. Gari linarudi kwake. Akibisha, utasimama mbele ya hakimu."

Alijua maana yake. Madalali wale ndio mkate wake wote. Akachukua kalamu, akaandika juu ya boneti huku nimemkinga karatasi kwa koti langu. Aliandika taratibu kama mtoto, na hakuandika "kosa lilitokea" kama wanavyoandika wakubwa. Aliandika "nilikosea".

Bibi alisogea akasoma. "Na mengine mangapi umeyashona hivi?"

"Manane."

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Dalali alilichukua gari lake baada ya wiki tatu za matusi, na hakuna dalali aliyemletea Haifumuki kiti tena. Sasa anashona mifuko ya shule na maturubai. Katika yale manane, matano tumeyapata, akayafumua bure, na wenyewe wakamtukana bure. Matatu yameuzwa na kuuzwa tena, hayajulikani yaliko. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, anasimama kwenye taa za barabarani. Gari la aina ile likisimama, anagonga kioo na kuinama kutazama ubavu wa kiti. Wenye magari humdhani ombaomba na kupandisha vioo. Yeye hugonga tena.