Ndoano Juu ya Jicho

Mkwe wetu, mume wa binti yetu, anaishi Tanga, na ndiye aliyeniletea fimbo ya kuvulia, rili yake ya kukunjia kamba, na kamba nene ya rangi ya limau. Likizo ikifika, alisema, mimi na mke wangu tutakwenda kwao, na maji ya bahari yakipwa atanipeleka kuvua kwa ndoano za manyoya. Nijifunze kurusha kwanza. Chumvi inakula rili, akaniambia, lakini mvuvi asiyejua kurusha humalizwa na upepo.

Mimi nimekulia Karagwe, mbali na bahari, na hapa Gisenyi tuna ziwa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa Goma. Aliwahi kufanya kazi pwani, akiwapeleka wageni kuvua. Jumamosi alivuka mpaka, tukashuka wote ufukweni.

"Bofrere, we uko na haraka," aliniambia baada ya kunitazama kidogo, akiniita shemeji kwa Kifaransa cha Goma. "Mukono ikipanda, ngoja. Wacha kamba inyooke kwa nyuma, kisha sukuma. Haiko ya nguvu."

Sikuamini. Ile kamba ndiyo yenye uzito. Ndoano yenyewe ni ndogo, imefungwa manyoya meupe. Nikirusha upesi, kamba yote inaniangukia mabegani. Nikingoja, inafunguka na kwenda mbele kama inajua njia. Nilirudia na kurudia mpaka mkono ukazoea, nikaanza kujisikia mtu.

Kisha upepo wa ziwa ukageuka. Mke wangu alikuwa anakuja na chupa ya chai, akapita nyuma yangu. Nilisukuma, nikahisi kamba imekamata kitu. Nikamsikia akisema, "Mama yangu," kwa sauti ndogo, na chupa ikaanguka mchangani.

Nilipogeuka, alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Damu ilipita katikati ya vidole.

"Usivute," shemeji alisema. Alitoa kisu, akakata uzi mwembamba ulioshika ndoano, karibu na mkono wa dada yake. "Dada, usisugue. Tembea polepole, tunaenda."

Sikumbuki vizuri njia ya kwenda zahanati. Nakumbuka nilimshika kiwiko, na kwamba hakulia, jambo lililonitisha zaidi. Niliuliza kama anaona. Akajibu, "Sijui, mzee. Siwezi kufungua." Nilianza kumwomba Mungu achukue jicho langu badala yake.

Muuguzi alimkalisha karibu na dirisha, akamwambia kwa Kinyarwanda atoe mkono taratibu. Alisafisha damu kwa pamba. Mimi niliangalia ukuta.

"Mzee, geuka utazame," muuguzi alisema.

Ndoano ilikuwa imeingia kwenye nyusi. Manyoya meupe yalining'inia juu ya kope kama mdudu. Chini yake jicho lilikuwa zima, jekundu kidogo kwa machozi, linanitazama.

"Vidole vingapi?" muuguzi aliuliza.

"Vitatu," mke wangu akajibu. "Na huyo mume wangu anatetemeka."

Nikakaa kwenye benchi. Shemeji alicheka, kisha akafuta macho yake mwenyewe akigeukia mlango. Muuguzi alimchoma mke wangu dawa ya ganzi, akaitoa ndoano, akafunga plasta. Kazi yote haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimwambia mke wangu naihifadhi ile fimbo darini, Tanga tutakwenda kula tu samaki.

"Kwa nini?" akauliza. "Nimeshaumia, nawe uache? Basi nimeumia bure."

Jumapili baada ya misa tulishuka tena. Mke wangu alikuwa amenunua miwani mbili za jua, moja yangu. Shemeji alimpangia mahali pa kukaa, mbele kabisa, pembeni. Nikangoja, nikasukuma. Kamba ilikwenda mbali ikatulia majini.

"Sasa nipe mimi," akasema mke wangu, akivua viatu.