Divai ya Polychronis

Erofili na mumewe Polychronis walilima mizabibu pamoja, hapa kijijini kwetu Krete, mpaka mzee alipofariki vuli iliyopita, muda mfupi baada ya kukanyaga zabibu zake. Mama huyu ana ulimi mkali. Alimwita mumewe, alipokuwa hai, "bwana pipa", kwa kuwa mzee alishinda ghalani akilipapasa pipa la ukoo kama mtoto mgonjwa.

Pipa lile halikuwahi kumalizwa wala kuoshwa. Kila mavuno, divai mpya iliongezwa juu ya ya zamani. Lakini kwetu mwenye pipa akifa, haliongezwi kitu hadi mwaka upite, kwa sababu siku ya kumbukumbu divai ya mikono yake ndiyo humwagwa kaburini. Erofili aliisubiri siku hiyo mwaka mzima. Ilikuwa Jumapili.

Jumamosi mwanawe Myron akaleta watalii walioshuka melini waonje chakula na divai ya shambani. Nami jirani nikaalikwa. Palikuwa na konokono wa siki, jibini ya mbuzi na zeituni. Myron alizunguka na jagi.

"Onja, jirani! Mbona umenuna kama umekuja kudai kodi?"

Divai ilikuwa ya kahawia, rangi ya divai kuukuu. Sikuigusa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Pipa la mzee. Wameipenda mpaka imekwisha! Nimeshaliosha, divai mpya inangoja kuingia."

Erofili alitokea ghalani na chupa tupu mkononi.

"Myron, nimeligonga pipa. Linalia utupu."

"Mama, usianze mbele za watu. Kesho tutachukua divai ya mjomba. Kwani mzee atajua tofauti?"

"Angejua kabla hujaifungua chupa, mjinga wewe! Umewanywesha baba yako!"

Wageni, wasioelewa neno, walicheka. Mmoja akapiga makofi, akidhani ni mchezo waliolipia.

Sitamtetea Myron. Hakuwa na njaa wala shida, alitaka kusifiwa. Wageni hawakuomba cha marehemu. Wangefurahia divai yoyote.

Erofili alianza kupita meza kwa meza akikusanya mabaki ya glasi ndani ya chupa yake. "Mama, acha, tafadhali," Myron alinong'ona, uso umemwiva. Hakuacha. Alipofika glasi ya nne aliona alama ya rangi ya mdomo ukingoni, na chembe za mkate zikielea. Kisha akaimwaga chupa yote mchangani.

"Siwezi kumpelekea makombo," aliniambia.

Kesho yake, kaburini, padri alinyunyiza mafuta, kisha akanyoosha mkono kupokea divai.

"Hakuna, Padri," Erofili alisema. "Endelea tu."

Myron alikuwa nyuma yetu na chupa ya mjomba. Hakuthubutu kuitoa.