Fundi Aliyekataa Kuokoka Bure

Fundi mwashi huyu watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye chuma inayopima kama ukuta umesimama wima. Alistahili. Ukiona ukuta wa Timazi umepinda, basi ujue wewe ndiye uliyeinama.

Ila alikuwa na kiburi kimoja: cha bure hakukipokea. Mpe soda leo, kesho utamkuta anaziba ufa wa jiko lako bila kuombwa. "Mimi nakula jasho langu," alisema, na kifua kikamjaa.

Sasa jirani na kwake kulikuwa na kanisa linajengwa, naye alijitolea kusimamisha kuta zote. Jumapili waumini wakisali ndani, yeye alikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa, anasikiliza, na neno halimpiti. Alitaka kuokoka, tena sana. Kuna mambo ya ujanani yaliyomnyima raha miaka yote. Lakini alifunzwa kwamba fundi hapiti mlango wa mbele kabla hajakabidhi nyumba. Basi naye aliamua kumalizana na Mungu vivyo hivyo: amalize ukuta wa mwisho, akabidhi jengo, kisha aombe msamaha akiwa na cha kuonyesha.

"Baba watoto, Yesu alishamaliza kazi," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Najua. Lakini mimi si mtu wa kwenda mikono mitupu."

Mama watoto akaacha. Aliona anampigia mbuzi gitaa.

Ukuta wa mwisho ulibakiza mistari michache tu ya matofali, jukwaa alilosimamia likavunjika. Timazi akaanguka, akavunjika mikono yote miwili. Hospitali wakamfunga plasta toka vidoleni hadi juu ya viwiko. Wenzake walikuja kumwona, wakacheka kwanza kwamba leo fundi kapigwa lipu mwenyewe, pole ikafuata. Kisha wakamwambia ule ukuta wameshaumalizia wao. Habari hiyo ilimuuma kuliko mifupa. Sasa angekwenda kwa Mungu na nini?

Mchana mmoja mkewe aliketi kando ya kitanda na bakuli la supu. Timazi akageuza uso upande wa pili.

"Unanilisha, unaniogesha. Nitakulipa nini mimi, mama watoto?"

"Kwani nimefungua hoteli?" Mkewe alikasirika kweli. "Mimi ni mke wako. Ukinilipa utakuwa umenitukana. Fungua mdomo."

Akafungua. Supu ikashuka, na machozi nayo yakashuka. Aliona haya, si kwa mkewe tu. Mwana wa Mungu alikufa msalabani kwa ajili yake, naye siku zote hizo alikuwa anampangia matofali yawe bei.

Jumapili iliyofuata alipita mlango wa mbele, mikono imening'inizwa shingoni, akaketi safu ya kwanza. Mchungaji akasema anayetaka kumpokea Yesu anyooshe mkono. Timazi akasimama.

"Mchungaji, mkono siwezi kunyoosha, na ukuta wenu sikuumaliza. Sina kitu. Naamini alikufa kwa ajili yangu, akafufuka. Nimekuja kupokea."

Mama watoto alilia bila kujificha. Wakati wa kutoka alitembea kando ya mumewe taratibu, kama bibi harusi, ili kila mtu awaone vizuri. Na nani wa kumlaumu?

Plasta ilipotolewa na mikono ikapata nguvu, Timazi alirudi pale pale kanisani kupiga lipu. Fundi mwenzake akamtania.

"Si umeokoka bure wewe? Sasa unajichosha ya nini?"

"Zamani nilikuwa kibarua hapa, nafanya nikubaliwe," Timazi akajibu. "Leo niko kwa Baba yangu. Umewahi kuona mtoto anaomba ujira kwao?"

Kisha akaagiza maji ya kukorogea saruji, na sauti yake ilisikika hadi barabarani.