Mama Mbele, Mkweche Nyuma

Pikapu yangu ilikuwa mkweche, nakiri, lakini ulikuwa mkweche wangu. Mlango wa abiria ulifungwa kwa mpira wa tyubu, honi ilishakufa zamani, na betri ilifanya kazi ilipojisikia. Gari likizima njiani, sharti lisukumwe. Breki ndiyo usiseme, uikanyage mara tatu ndipo ishike. Kwa gari hilo nilibeba mpunga kutoka Itilima hadi Bariadi msimu baada ya msimu, na mwanamume aliyethubutu kulicheka nilimpa jibu lake.

Mama yangu hakuwahi kulicheka, kwa sababu hakuwahi kuliona. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, akabakiwa na mwanga wa kujua tu kwamba kumekucha. Mara mbili nilimtafutia nafasi ya upasuaji, mara mbili akakataa. Mara ya tatu madaktari wa macho walikuja Bariadi kwa siku chache, naye akakubali kwa sharti.

“Nitakwenda. Ila gari lako likitukwamisha tukachelewa, unirudishe nyumbani, na habari ya macho usiitaje tena.”

Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na ukaidi wangu nimeurithi kwake, kwa hiyo nilijua hatabadili neno. Tulitakiwa kufika kabla ya saa sita mchana, na siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya upasuaji.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla hatujafika Lagangabilili tukakuta kalavati limeondoka na maji. Nikatazama pembeni, nikaona uwanda mweusi, tambarare, umeanza kukauka juu. Nikaingia.

“Huko ni mbuga, udongo wa kunasa,” mama akasema. “Nasikia harufu yake.”

“Mama, dereva ni mimi.”

Sikufika mbali, tairi zikazama. Nikakanyaga mafuta kwa hasira, matope yakaruka mpaka juu ya kioo.

“Mayu,” akaniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, “unalichimbia kaburi.”

Nilitandika magunia yangu matupu ya mpunga chini ya tairi, nikahangaika, nikafanikiwa kurudi nyuma. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameshashuka na kuvua kandambili. Alikuwa anapapasa udongo kwa unyayo, hatua hii, hatua ile, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

“Nitatangulia. Wewe nifuate.”

Nilitaka kubisha, nikakumbuka aliyetukwamisha ni nani. Akaanza kutembea na fimbo yake, nami nyuma kwa gia ya kwanza.

“Hapa luseni,” alipaza sauti, na kweli, ulikuwa mchanga, gari likapita bila taabu. Mbele kidogo akasema, “Hapa itogolo. Pagumu, lakini panateleza, taratibu.” Fimbo ikielekea kushoto, nilikata kushoto. Alikuwa amelima ardhi ile tangu usichana wake, na miguu yake haikuwa na mtoto wa jicho. Niliona raha, na aibu kidogo, maana mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa nimeona weusi tu.

Nilichosahau ni kwamba mama hapiti watu bila kuwasalimia. Wanawake watatu walikuwa wanapalilia pamba kando ya njia, wakamwita, “Mwangaluka!” Mama akasimama palepale, mbele ya gari, akawageukia. Salamu ya kwetu si neno moja. Inaanzia kwa watoto, inapita kwa ng'ombe, inamalizikia kwenye mvua. Nikakanyaga breki, ikazama. Nikakanyaga tena. Nikabonyeza honi, hata kukohoa haikukohoa. Nilipiga kelele, injini ikanizidi sauti. Nikakata usukani kwa nguvu zote, gari likapanda kichuguu, likatikisika, likazima.

Mgongo wa mama ulikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuugusa kupitia dirishani. Nikalia, na si kwa ajili ya gari.

“Mhola duhu,” alikuwa anamalizia, salama tu. Kisha akanigeukia. “Mbona umezima? Si tunachelewa?”

Wale wanawake walikuwa wameona kila kitu. Hawakumwambia, wala mimi sikumwambia. Waliweka majembe chini, wakatusukuma huku wakiimba, na injini ilipowaka walipiga vigelegele. Tuliingia Bariadi dakika chache kabla ya saa sita, mama akiwa na matope mpaka magotini. Muuguzi alimwosha miguu kwanza, ndipo madaktari wakampasua jicho moja.

Kesho yake walimfungua bandeji. Alinitazama usoni muda mrefu, akasema nimenenepa. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Tukatoka nje pamoja, akitaja rangi ya kila kitu, hadi tulipofika kwenye pikapu. Akalizunguka gari lote polepole, akashika taa iliyofungwa kwa waya, akainama kutazama boneti ilivyobonyea.

“Hiyo ni ya jana?”

Nikamweleza yote, kichuguu, breki, na yeye alipokuwa amesimama. Alisikiliza, jicho lake jipya likiwa juu ya gari.

“Mayu,” akasema, “jana ningekuwa naona, nisingelipanda hili.”

Halafu akafungua ule mpira wa tyubu kwa mkono wake mwenyewe, akaingia, akanisubiri.