Kambale Asiye na B

Harufu ya marikeri hunipanda puani kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Ni kali, tamu kidogo, kama pombe iliyomwagikiwa rangi ya mlango, na mpaka leo ikinifikia nanyamaza katikati ya sentensi, mke wangu akidhani nimeona panya. Nyumbani kwetu Beni hiyo ilikuwa harufu ya kazi. Mama aliuza maharagwe yaliyotoka Musienene, na kila gunia aliliwekea herufi mbili za jina lake kwa marikeri nyeusi, ile kalamu nene ya wino usiofutika. Herufi hizo mbili ndizo alizojua, lakini wino wenyewe aliujua kuliko walimu wangu. Rangi haiwezi kutembea peke yake, alinieleza. Inabebwa na kitu cha ukoo wa pombe. Kile cha ukoo wa pombe kinaruka hewani upesi na kuiacha rangi imegandia hapo na gundi yake, maji yakija yanakuta mlango umeshafungwa. Unachonusa ni yule mbebaji akienda zake. Ila penye mafuta wino hauna pa kushika, kwa hiyo gunia lililochafuliwa na mawese aliligeuza upande mwingine.

Msimu ule wa mvua nilikuwa na miaka tisa, nasoma mwaka wa nne wa shule ya msingi, na sikuwa mtoto wa kwenda popote. Wenzangu walikuwa na mto wa kuogelea. Mimi nilikuwa na kona yangu nyuma ya magunia, na niliiona inatosha. Asubuhi moja risasi zikasikika upande wa mashamba, karibu kuliko siku zote, na mama akasema tunakwenda Butembo kwa bibi. Mimi, shujaa wa kona, niliuliza kama ni lazima. Alikuwa ameshaanza kufunga mzigo. Baba alikuwa safarini Kayna, mdogo wangu Kambale alikuwa na miaka mitatu, na habari za watoto waliopotea barabarani zilikuwa zimetufikia zamani. Mama alinitupia marikeri.

“Paluku, weye ndiye unajua kuandika. Andika mutoto jina yake kwa mukono. Panguza kwanza.”

Sikupangusa. Nilikuwa nimevimba kichwa kwa kupewa kazi ya mwandiko, na Kambale alikuwa bado anakula maharagwe yaliyoungwa kwa mawese, mkono unang'aa mpaka kiwiko. Nikaandika kwa herufi kubwa, ulimi nje, kama naandika kichwa cha habari kwenye daftari la mtihani. Katikati kalamu iliteleza na herufi moja ikakataa kushika. Nilitaka kuirudia lakini lori lilikuwa linapiga honi, na mama alikuwa ameshajitwika mzigo.

Njiani, penye kilima, lori likazama kwenye tope na sote tukashushwa. Lori la pili likasimama nyuma yetu, likalisukuma letu mpaka likanasuka. Mtu mmoja akasema wanakuja. Nani wanakuja, hakuna aliyeuliza. Watu walipanda gari lililokuwa karibu na miguu yao. Mama alidhani Kambale yuko nami, mimi nikadhani yuko mgongoni kwa mama, na tulilijua hilo tulipokaribia Butembo, watu walipoanza kushuka na nafasi kati yetu ikaonekana. Mama alinishika mkono. Alinifikisha kwenye uwanja wa parokia walipokusanyika waliokimbia, akanikalisha juu ya mzigo, akaniambia nisitoke hapo, akarudi barabarani kuuliza lori moja baada ya jingine. Kukaa pale pale ilikuwa amri pekee niliyozaliwa na kipaji chake.

Muda si mrefu mama mmoja wa parokia alijitokeza na daftari. Nafasi imejaa, alisema. Watoto wasio na mtu watapelekwa parokia nyingine mbele, gari ni lile pale. Lilikuwa tayari linanguruma. Kisha akaita: “Kambale.”

Wakasimama wanawake saba.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Sisi Wanande tunapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale. Katika yote niliyoweza kumwandikia mdogo wangu, jina la baba, la mama, hata mtaa, nilikuwa nimemwandikia namba mbili. Niliuacha mzigo, nikapenya katikati ya vitenge. Watoto walikuwa wanapandishwa garini, na kwa wingi wa watu sikuona ila visigino. Nikasema nimekuja kumchukua mdogo wangu.

“Mutoto hawezi kukamata mutoto mwenzake,” mama wa parokia aliniambia. “Mama yako iko wapi?”

Nikasema anamtafuta huyo huyo, na kwamba wa kwetu ana jina mkononi.

“Bote biko na jina kwa mukono. Kambale iko nao ine humu.” Alinionyesha vidole vinne.

“Ya kwetu haina na B.”

Alinitazama kama mtu anayetaniwa msibani. Nikamweleza habari ya mawese, nikikimbiza maneno, gari likirudi nyuma ligeuze. Akapiga bati la gari kwa kiganja mpaka likasimama, akapanda, akaanza kukunja mikono ya sweta moja moja. Wa tatu alikuwa amefunga mdomo kama mfuko, na mkononi mwake paliandikwa KAM, pengo, kisha ALE. Tulimkalisha juu ya mzigo, nikamshika sweta mpaka vidole vikafa ganzi. Mama alirudi. Alimnusa kichwani, akaliona pengo mkononi, kisha akanipiga kofi moja, la kutopangusa.

Leo naishi Butembo na sitoki nje kama mkate upo. Mwezi uliopita maneno mabaya yalianza tena kutoka upande wa Beni, na mke wangu akaniletea marikeri na mkono wa binti yetu. Niliupangusa kwa spiriti ya duka la dawa. Nikaandika jina lake, langu, la mama yake, mtaa, parokia, na namba mbili za simu, mpaka nikafika begani. Mke wangu aliuliza kama huyu ni mtoto ao ni barua. Niliungojea wino ukauke bila kupuliza, mbebaji aende zake mwenyewe.

Hatukuondoka wiki ile. Binti alikwenda shule, akakuta nusu ya darasa wameandikwa. Alirudi amenuna: wamelinganisha mikono, na mwandiko wa baba wa jirani yake wa dawati ni mzuri kuliko wangu.