Jiwe la Mpangaji kwenye Karai

Niliosha kwa maji jiwe ambalo nilikuwa nimeambiwa lisiguswe na maji. Sina wa kumsingizia. Niliambiwa vizuri, tena mezani kwangu; ila jioni hiyo masikio yangu yalikuwa na kazi nyingine. Yalikuwa yanamsikiliza mke wangu akicheka.

Aliyemchekesha ni mpangaji wetu pale Kasese, kijana mpima miamba aliyekuwa akipanda kila asubuhi hadi kwenye mashimo ya zamani ya shaba, Kilembe. Mimi hata dukani naenda kwa kusukumwa. Yeye akirudi na matope mke wangu anamchemshia maji ya kuoga. Ya kwangu najichemshia.

Basi jioni hiyo akamletea mke wangu kichupa kilichofungwa. Ndani, ganda la kijani, kama jani la mgomba linapofunguka. Akasema ni chumvi ya nikeli, haionekani ovyo. Mawe yenye nikeli na salfa yakipigwa na hewa ya unyevu ndani ya shimo, inaota taratibu ukutani. Hewa ikiwa kavu inapauka na kuwa unga. Ni sumu, msiilambe. Na maji, jamani, msithubutu.

Mke wangu akakiweka kabatini mbele. Pale palikuwa na jiwe langu, la kijani pia, nililookota mto Nyamwamba wakati namchumbia. Likasukumwa nyuma ya chupa ya chai.

"Baba watoto, unaona wenzako wanavyoleta vitu?"

"Kijani ni kijani," nikasema.

"Haya. Kijani."

Hiyo "haya" ilinikosesha hamu ya chakula.

Siku ya soko mke wangu alipokwenda Bwera, mpakani, kununua vitenge, nikaamua kuthibitisha kwamba mawe yale ni ndugu. Nikajaza karai, nikachukua sabuni na brashi. Langu, ambalo ni la shaba tu, likang'aa kama siku ya uchumba. La mpangaji likalainika, likateleza, mara nikawa nasugua vidole vyangu. Maji yakageuka kijani. Nitasema ukweli: kwanza nilifurahi. Langu limeshinda!

Mke wangu akaingia na mizigo yake. Akatazama karai, kisha kichupa kitupu. Akalichukua jiwe langu, akalifuta kwa kitenge, akalirudisha nyuma ya chupa ya chai, palepale.

"Nilikuwa nalinganisha tu," nikasema.

"Unajilinganisha na mpangaji wa watu, au na nani?"

Nikatoka nje na karai langu. Jirani yetu, mama aliyetoka Butembo, kule nje ya mpaka, anayeuza samaki wa chumvi, alikuwa amesikia yote ng'ambo ya ua. Nikamwuliza, kwa kujitetea, kama angekuwa yeye asingeona wivu. Akayatazama yale maji, akanitazama mimi.

"Papa, ule kijana hakutaka bibi yako. Alitaka mutu wa kusikia habari ya mawe yake. Ungesikia wewe, jiwe ingekuwa iko."